Klorini ina elektroni 17, sodiamu 11, halafu klorini ndiyo ndogo? Wanakemia njooni mnieleweshe

#1 MamaMise (Ujiji)
Wakuu habari. Mimi ni mpika sabuni, kemia niliikimbia tangu kidato cha pili. Binti yangu yuko kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), amekuja likizo. Tukiwa uani tunakoroga sabuni ya mise (mafuta ya kokwa za chikichi) nikamuuliza shuleni wanasoma nini, akasema wanasoma jinsi ukubwa wa atomu unavyobadilika kwenye jedwali la elementi. Akanipa mfano: sodiamu ina elektroni 11, klorini 17, zote ziko mstari mmoja, lakini nusu-kipenyo cha sodiamu ni pikomita 186 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita) na cha klorini ni 99. Nikamwambia hapo mmedanganywa. Chenye vitu vingi ndani kinakuwaje kidogo?

Hakuishia hapo. Anasema sodiamu ikipoteza elektroni moja tu kati ya hizo 11, inabaki na pikomita 102. Imetoka moja, karibu nusu ya mwili imeondoka nayo.

Sasa naomba kujua: ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini? La tatu ndilo la hela. Bibi yangu alikuwa anapika sabuni kwa maji ya majivu ya vichala vya chikichi, na haikuwahi kuganda ikawa mche; ilikuwa uji wa kuchota kwa kata. Mimi natumia kostiki, kesho yake nakata vipande. Binti anasema majivu yana potasiamu, kostiki ina sodiamu, na tofauti yote ni ukubwa wa ayoni, yaani atomu iliyopoteza au kupokea elektroni. Nimwamini?

#2 Kibirizi_Kwetu
Nimeweka kigoda. Uzi unaoanza na sabuni haujawahi kuniangusha.

#3 MwalimuWaZamu (Tabora)
Mwangaluka. Binti yuko sahihi, mpe hongera.

Mama, wewe umehesabu elektroni peke yake. Klorini ina elektroni 17, lakini pia ina protoni 17 kwenye kiini, na hizo protoni ndizo zinazovuta. Elektroni za nje za sodiamu na za klorini zote zinakaa ganda la tatu. Ndani yake kuna elektroni 10 zinazokinga, kwa hiyo elektroni ya nje haioni chaji yote ya kiini. Sodiamu: 11 toa 10, inabaki kama 1. Klorini: 17 toa 10, inabaki kama 7. Hiyo ni hesabu ya chapuchapu. Mwaka 1930 John Slater alitoa kanuni za kukadiria vizuri zaidi, na kwa kanuni zake elektroni ya nje ya sodiamu inavutwa na chaji ya 2.2, ya klorini 6.1. Ganda ni lile lile, mvuto karibu mara tatu. Lazima wingu la elektroni lijikusanye karibu na kiini.

Ndiyo maana pia kuing'oa elektroni ya sodiamu ni kazi ndogo, kilojuli 496 kwa moli, na ya klorini ni 1251.

Ukishuka chini ya safu unaongeza ganda jipya kila hatua, atomu inakua: lithiamu 152, sodiamu 186, potasiamu 227, rubidiamu 248, sesiamu 265. Kanuni ni hizo mbili tu.

#4 KondaktaMstaafu
Mwalimu umeeleza, ila sisi wa mwisho wa reli tunataka mfano. Chukueni treni. Kiini ni injini, maganda ni mabehewa. Ukishuka safu unaongeza behewa, treni inarefuka. Ukienda kulia huongezi behewa, unaongeza nguvu ya injini. Imeisha hiyo.

#5 Unyanyembe_Damu
Na injini ikiongezwa nguvu behewa linafupika? Mzee, hii treni ya Tabora–Kigoma ulifanyia kazi wewe? Mimi nimeiona ikichelewa tu, kufupika bado.

#6 KondaktaMstaafu
Yanasogeleana, kijana. Kwenye viungio kuna nafasi.

#7 Unyanyembe_Damu
Nafasi ya pikomita 87 😂

#8 Pikomita
Naomba niwe kero kidogo. Mwalimu amesema "kanuni ni hizo mbili tu" na akapita juu ya kitu ambacho kingempa binti taabu kwenye mtihani. Hiyo 186 ya sodiamu imepimwa kwenye metali yenyewe ya sodiamu: umbali kati ya viini viwili vya jirani, ukigawa kwa mbili. Hiyo 99 ya klorini imepimwa kwenye molekuli, atomu mbili zilizoshikana kwa bondi. Ni fimbo mbili tofauti. Ukitumia fimbo moja, ile ya bondi, kwenye orodha iliyotolewa 2008 utapata sodiamu 166, magnesiamu 141, alumini 121, silikoni 111, fosforasi 107, salfa 105, klorini 102. Mwelekeo ni ule ule, pengo ndilo limepungua.

Angalieni pia jinsi hatua zinavyokuwa fupi. Sodiamu kwenda magnesiamu inashuka 25, salfa kwenda klorini inashuka 3. Hilo vitabu vingi havilisemi, wanachora mshale mmoja mnyoofu.

Halafu wanafunzi wanakuja kulia kwa nini agoni imeandikwa 188 wakati jirani yake klorini ni 99. Agoni haishikani na mwenzake, kwa hiyo wamepima kwa fimbo ya tatu, umbali wa atomu zinazogusana tu bila bondi. Kwa fimbo hiyo klorini nayo ni 175.

#9 MwalimuWaZamu
Nilikuwa namjibu mama wa sabuni, mkuu, sikuwa natetea tasnifu. Ila asante.

#10 Chumvi_Nyeupe (Uvinza)
Swali la pili la mama nalichukua mimi maana nimekulia kwenye chumvi.

Sodiamu ikitoa elektroni yake moja haipotezi moja ya kumi na moja, inapoteza ganda zima la tatu, kwa sababu kule nje ilikuwa imekaa hiyo hiyo peke yake. Zinabaki 10 kwenye maganda mawili, na kiini bado kina protoni 11. Klorini inafanya kinyume. Inapokea elektroni moja zaidi, protoni haziongezeki, elektroni zinasukumana, wingu linatanuka, na kutoka 99 inafika 181.

Sasa panga hizi ambazo zote zina elektroni 10 sawasawa: ayoni ya oksijeni 140, ya florini 133, ya sodiamu 102, ya magnesiamu 72, ya alumini 54. Elektroni idadi ile ile, protoni 8, 9, 11, 12, 13. Hakuna cha ganda wala kukinga kilichobadilika hapo, ni mvuto mtupu. Kwangu huo ndio ushahidi safi kuliko yote.

Kwetu maji ya chemchemi ni chumvi tupu. Wanaakiolojia waliochimba Uvinza wanasema watu wanachemsha yale maji tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ukiyaacha yakauke taratibu kwenye sinia, bila moto, pembeni zinajipanga punje za mraba, kona zimenyooka hadi utadhani kuna mtu amezikata kwa kisu. Ndani ya punje kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, kila klorini imezungukwa na sodiamu sita. Kwa macho chumvi ni kitu kimoja, lakini nafasi kubwa humo ni ya klorini, sodiamu imejibana kwenye mianya.

#11 Kibirizi_Kwetu
Sasa nikila migebuka (samaki wetu wa ziwani) iliyokolea chumvi najua nimekula klorini.

#12 Msomi_wa_Gungu
Chumvi_Nyeupe hapo mwisho umeenda mbio. Nani aliyeona mpaka kati ya sodiamu na klorini? Eksirei, tangu enzi za akina Bragg mwaka 1913, inatoa umbali kutoka kiini hadi kiini: pikomita 282 kwenye chumvi. Hiyo haina ubishi. Lakini kuigawa 282, upande huu kiasi gani na upande ule kiasi gani, ni makubaliano. Mkemia Linus Pauling aliipa sodiamu 95. Orodha ya Shannon ya 1976 inaipa 102. Na Shannon huyo huyo ana orodha ya pili, ambayo sodiamu ni 116 na klorini 167, na anaona hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na ukubwa halisi ndani ya fuwele. Chukua ya kwanza, 102 na 181, unapata 283. Chukua ya pili, 116 na 167, unapata 283 ile ile. Mpaka umehamishwa pikomita 14, jumla haijatikisika.

Kwa hiyo binti akisema "102" aseme pia kwa orodha ya nani.

#13 Chumvi_Nyeupe
Kwa orodha zote hizo sodiamu ni ndogo kuliko klorini. Mpaka wa shamba ukisogezwa hatua mbili shamba kubwa halijawa dogo.

#14 Msomi_wa_Gungu
Kwa ayoni ya potasiamu na florini pengo lenyewe linabadilika. Kwa orodha moja potasiamu ni 138 na florini 133, kwa nyingine potasiamu 152 na florini 119. Nani ni mkubwa kwa kiasi gani, inategemea umeuliza wapi.

#15 MamaMise
Nawashukuru wote, swali la kwanza na la pili nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Ila naona watu wamepanda chumvi na treni, sabuni mmeiacha jikoni.

#16 MpishiKatubuka
Dada, sabuni naijibu mimi. Potasiamu ayoni yake ni 138, ya sodiamu 102, chaji ni ile ile moja. Kubwa inashika kichwa cha asidi ya mafuta kilegelege, maji yanapenya, sabuni inabaki uji. Ndogo inashika karibu, inajipanga, inaganda. Sabuni za maji nyingi zinapikwa kwa kostiki ya potasiamu kwa sababu hiyo hiyo. Binti yuko sawa.

#17 Majivu_Matupu
MpishiKatubuka umeruka hatua. Bibi hakuwa na kostiki ya potasiamu, alikuwa na majivu. Maji ya majivu yana kaboneti ya potasiamu, nayo ni dhaifu, haivunji mafuta sawasawa. Wazee wa sehemu nyingi walikuwa wanapitisha maji ya majivu kwenye chokaa ili yapate ukali. Kama bibi hakuweka chokaa, ule uji ulikuwa sabuni nusu, mafuta mabichi nusu, na maji mengi. Usiilaumu potasiamu kwa kazi ambayo haijamalizika.

#18 Mawese_Original
Wote mmesahau mafuta. Alipika kwa mawese au kwa mise? Mafuta ya mise yanatoa sabuni ngumu yenye povu jingi hata ukikosea kidogo. Mawese yana tabia nyingine. Mtu analinganisha sabuni ya bibi ya mawese na majivu dhidi ya sabuni yake ya mise na kostiki, amebadilisha vitu viwili kwa mpigo halafu anataka kujua kipi kimeleta tofauti.

#19 MamaMise
Bibi alikuwa anatumia mawese, ndiyo. Chokaa sijawahi kuiona pale.

#20 Mawese_Original
Haya.

#21 MpishiKatubuka
Jaribio lipo na ni la kale. Chukua hiyo sabuni ya uji ikiwa bado ya moto, mwagia maji ya chumvi yaliyokolea, koroga. Itajitenga mabonge mabonge juu, maji yenye takataka yanabaki chini. Chota mabonge, kamua, weka kwenye boksi. Inakuwa ngumu. Mafuta ni yale yale, majivu ni yale yale, kilichoingia ni sodiamu ya kwenye chumvi ikakaa mahali pa potasiamu. Mnataka ushahidi gani tena?

#22 Majivu_Matupu
Ushahidi wa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Chumvi imefanya mawili: imeleta sodiamu, na imefukuza maji. Sasa rudia kwa kloridi ya potasiamu badala ya chumvi ya mezani. Ikiwa ngumu, kilichofanya kazi ni kutoa maji. Ikibaki laini, ukubwa wa ayoni umeshinda.

#23 Unyanyembe_Damu
Kloridi ya potasiamu kwetu Tabora usiitafute kwa wakulima wa tumbaku, wanaikimbia. Klorini inaharibu jani, haliwaki vizuri. Wanataka potasiamu ya salfeti.

#24 Majivu_Matupu
Basi salfeti. Sichagui.

#25 FundiBetri_Mwanga
Naingilia. MpishiKatubuka anasema ndogo inashika karibu, kubwa inalegea. Kwenye kitu kikavu sawa. Kwenye maji hesabu inageuka, na sabuni ina maji.

Ayoni ya lithiamu ni ndogo kuliko zote za safu yake, 76 tu. Mngetegemea ikimbie kwenye maji kuliko wenzake. Wapi. Ukipima jinsi kila moja inavyobeba umeme kwenye maji, kwa kipimo kile kile lithiamu inapata 38.7, sodiamu 50.1, potasiamu 73.5. Ndogo ndiyo nzito wa miguu, kwa sababu chaji yake imebanana kwenye eneo dogo, inavuta molekuli za maji na kutembea nazo. Ukubwa unaoandikwa kwenye jedwali ni wa ayoni ikiwa uchi ndani ya fuwele. Ikivaa maji, mpangilio unapinduka: lithiamu kubwa, potasiamu ndogo.

Kwa hiyo kwenye sabuni mbichi ni ukubwa upi unaofanya kazi, wa uchi au wa nguo? Mimi sioni mtu aliyejibu.

#26 MwalimuWaZamu
Swali zuri. Na kuna jingine hapo hapo ambalo huwa naliuliza darasani. Nishati ya kung'oa elektroni inashuka unapokwenda chini: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419. Yaani lithiamu ndiyo bahili kuliko wote watatu. Lakini kwenye maji, lithiamu ndiyo inayotoa elektroni kwa hamu kubwa zaidi, volti hasi 3.04, potasiamu hasi 2.93, sodiamu hasi 2.71. Bahili amegeuka mtoaji. Sababu ni hayo maji ya FundiBetri: ayoni ndogo ikikumbatiwa na maji inarudisha nishati nyingi kuliko zile kubwa, inafidia ugumu wa kuing'oa elektroni.

#27 Kibirizi_Kwetu
Kama ni mtoaji kiasi hicho mbona tulipofanya maabara lithiamu iliogelea tu polepole, sodiamu ikakimbia, potasiamu ikawaka moto wa zambarau? Shule siitaji, ila mwalimu wetu alikata kipande cha potasiamu kikubwa kuliko ilivyotakiwa na dari ya maabara ilipata doa ambalo nadhani mpaka leo lipo.

#28 MwalimuWaZamu
Kutoa kwa hamu na kutoa kwa haraka ni mambo mawili. Lithiamu inayeyuka kwa nyuzi 180, joto la mmenyuko halitoshi kuiyeyusha, inabaki kipande kigumu. Sodiamu inayeyuka kwa 98, potasiamu kwa 63.5, zinageuka tone, uso mpya unakutana na maji kila mara.

#29 Pikomita
Kuyeyuka hakutoshi kueleza mlipuko. Tulifundishwa kwamba ni haidrojeni inashika moto, na zamani nilikuwa najiuliza: gesi ikishazunguka kipande chote inazuia maji yasikiguse, mmenyuko ungetakiwa kupoa. Mwaka 2015 watafiti wa Prague, akina Pavel Jungwirth, walirekodi kwa kamera ya kasi kubwa tone la sodiamu na potasiamu likiangukia maji. Elektroni zinaruka kutoka kwenye chuma kuingia majini ndani ya muda mfupi mno, chuma kinabaki na chaji chanya tupu, chaji zinasukumana, kinachomoka miiba pande zote. Miiba hiyo ndiyo inayoleta uso mpya. Haidrojeni inawaka baadaye.

#30 Kibirizi_Kwetu
Dari yetu haikujali kipi kilitangulia.

#31 PCB_2025
Samahani wakubwa, naomba mnisaidie kwa kuwa mmeshachangamka. Tumeambiwa ukienda kulia kung'oa elektroni kunakuwa kugumu zaidi. Mbona naitrojeni ni 1402 halafu oksijeni ni 1314? Na beriliamu 899 halafu boroni 801? Mwalimu wetu alisema naitrojeni "imejaa nusu" kwa hiyo imetulia, tuandike hivyo. Inatosha?

#32 MwalimuWaZamu
Kwa mtihani inatosha, andika.

#33 Msomi_wa_Gungu
Kwa mtihani. Nje ya mtihani "imetulia" si sababu, ni kusema matokeo kwa jina lingine. Imetulia kwa nini? Boroni ni rahisi: elektroni yake ya tano imelazimika kukaa kwenye obiti ya p (obiti ni kama chumba cha elektroni ndani ya ganda, na vya p viko vitatu), juu kidogo na imekingwa zaidi, kwa hiyo inatoka kirahisi. Oksijeni ni kwamba elektroni yake ya nne ya p imekuta vyumba vitatu vyote vina mtu, ikabidi ilale mbili chumba kimoja. Mbili za chumba kimoja zinasukumana, moja inatoka kwa bei nafuu. Tatizo liko kwa oksijeni, naitrojeni haina sifa yoyote ya pekee.

#34 MwalimuWaZamu
Hapo siafikiani nawe moja kwa moja. Elektroni tatu za naitrojeni zina mzunguko wa upande mmoja, na zikiwa hivyo zinakwepana na kupata punguzo la nishati. Oksijeni ikipoteza moja inaingia kwenye hali hiyo hiyo ya tatu. Unaweza kusema naitrojeni inakataa kutoka humo, au oksijeni inakimbilia humo. Yote mawili yamo kwenye hesabu, na ukijaribu kuyatenganisha unagundua hayatengani vizuri.

#35 Pikomita
Wakati mnabishana shukeni chini ya safu. Fosforasi 1012, salfa 1000: pengo limepungua. Aseniki 947, seleniamu 941: limebaki la kuhesabu kwa vidole. Antimoni 831, teluriamu 869: limekwisha, mpangilio umerudi kawaida! Kama "nusu imejaa" ni sheria, kwa nini inakufa njiani? Antimoni nayo imejaa nusu.

#36 Msomi_wa_Gungu
Umenisaidia. Chini kule obiti ni kubwa, elektroni mbili za chumba kimoja zina nafasi, hazisukumani sana.

#37 Pikomita
Au uzito wa kiini umeanza kupanga vyumba upya: kwa elementi nzito vyumba vitatu vya p havilingani tena, mzunguko wa elektroni na njia yake vinaingiliana. Umechagua sababu inayokufaa.

#38 PCB_2025
Kwa hiyo niandike nini?

#39 MwalimuWaZamu
Imejaa nusu. Ukifika chuo njoo tubishane.

#40 Unyanyembe_Damu
Na mimi niwape wangu. Florini ndiyo mlafi wa elektroni kuliko elementi zote, 3.98 kwa kipimo cha Pauling. Lakini ukimpa elektroni moja anarudisha kilojuli 328, klorini anarudisha 349. Mlafi amezidiwa na jirani wa chini.

#41 Msomi_wa_Gungu
Florini ni dogo mno, elektroni mpya inabanwa na saba zilizopo ganda la pili. Na angalia, ulafi unapimwa ndani ya bondi, hiyo 328 inapimwa kwa atomu iliyo peke yake kwenye gesi. Si mtihani mmoja.

#42 KondaktaMstaafu
Behewa limejaa.

#43 Unyanyembe_Damu
Mzee!

#44 FundiBetri_Mwanga
Tukiwa kwenye vigeugeu: mnajua zenoni ilivyotoka kwenye orodha ya "haishikani na yeyote"? Mwaka 1962 Neil Bartlett alikuwa na gesi kali, floridi ya platini, akaona imeng'oa elektroni kwenye molekuli ya oksijeni. Akaangalia jedwali: kuing'oa kwa molekuli ya oksijeni ni kama 1175, kwa zenoni ni 1170. Kama hii imewezekana, hiyo inashindikanaje? Akachanganya, ikapatikana poda ya rangi kati ya njano na chungwa. Mtu alisoma namba mbili zilizokaribiana, akaamini. Kwa hiyo vijana msidharau majedwali.

#45 Mawese_Original
Mimi nataka kuuliza kuhusu maji ya ziwa. Kwa nini nikifulia kwa maji ya ziwa sabuni inaacha utando mweupe, kwa maji ya mvua hapana?

#46 Chumvi_Nyeupe
Ziwa Tanganyika lina magnesiamu nyingi, inazidi kalisi. Ayoni ya magnesiamu ni ndogo, 72, ina chaji mbili, inashika molekuli mbili za sabuni kwa mpigo na haiiachii. Hiyo haiyeyuki tena, ndiyo utando. Mvua haina.

#47 Majivu_Matupu
Angalau hapo chaji inatosha kueleza, ukubwa hatuuhitaji. Kalisi ni 100 na inafanya utando vile vile.

#48 Mawese_Original
Mtu akitaja pikomita tu wewe umeshawasha tochi.

#49 PCB_2025
La mwisho jamani. Alumini 578, galiamu 579. Galiamu iko chini, ina ganda la ziada, ilitakiwa ishuke. Hili nalo?

#50 Pikomita
Kati yao zimepita elementi kumi za safu za katikati, kutoka skandiamu hadi zinki. Protoni 10 zimeongezeka, na elektroni zilizoongezeka nazo zimekaa obiti za d, ambazo ni kinga mbovu. Galiamu imevutwa ndani. Kwa metali yenyewe alumini ni 143, galiamu 135.

Jambo hilo hilo linarudi chini zaidi kwa ukali: zirkoniamu 160, hafniamu 159, baada ya lanthanidi kumi na nne kupita hapo kati. Ndiyo maana hafniamu ilijificha ndani ya madini ya zirkoniamu hadi 1923, akina Coster na Hevesy walipoikuta Copenhagen kwa eksirei. Kemia peke yake ilikuwa haizitofautishi.

#51 Kibirizi_Kwetu
Galiamu si ndiyo ile inayeyuka kwa nyuzi 29.8? Huku Kigoma mchana ingekuwa supu mezani.

#52 FundiBetri_Mwanga
Na usiiweke kwenye sufuria ya alumini. Inapenya kati ya punje za chuma, sufuria inavunjika kwa kidole.

#53 PCB_2025
Pikomita umesema lanthanidi kumi na nne. Jedwali la ukutani kwetu chini ya itriamu kuna lanthanamu. La kwenye simu lina lutetiamu. Lipi sahihi?

#54 MwalimuWaZamu
Usifungue hilo usiku huu.

#55 Msomi_wa_Gungu
Lutetiamu. Hata ripoti ya awali ya kikosi cha IUPAC (shirika la kimataifa la kemia) ya 2021 imeegemea huko.

#56 Pikomita
"Imeegemea", mkuu. Ripoti ya awali. Lanthanamu haina elektroni hata moja ya f, inakaaje kwenye kundi la f?

#57 Msomi_wa_Gungu
Na thoriamu, ambayo iko kundi la f, ina ngapi?

#58 MamaMise
Wakati mnaendelea, MpishiKatubuka hebu niambie: hayo maji ya chumvi, kwa ndoo moja ya sabuni ya uji naweka chumvi kilo ngapi?